Niliyemnyima Mpira

Kimo ni majaliwa. Aliyezaliwa mrefu hakuomba, na aliyezaliwa mfupi kama mimi hakukosea. Hata hivyo, tukimwona mtu mrefu sisi hujipa haki ya kumwamulia kazi: huyu atatuangulia maembe, huyu atatuezekea nyumba, huyu atacheza mpira wa kikapu. Ni mara chache tunamwuliza yeye mwenyewe anaweza nini na anataka nini. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo. Habari ninayotaka kukusimulia, msomaji wangu, ni ya deni nililokaa nalo kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambalo nimelilipa, kama kweli nimelilipa, hapa Kasanga.

Kasanga ni bandari ndogo kusini mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Zambia. Wajerumani walijenga boma hapa na mahali wakapaita Bismarckburg. Nyuma ya kijiji milima inapanda hadi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, na huko juu, kwenye baridi, ndiko uliko mji wa Sumbawanga. Mimi ni Mfipa wa huko juu. Mke wangu ndiye mtu wa ziwani, na nilipostaafu ualimu tulihamia kwao, akafurahi yeye na nikaotea jua mimi.

Mwaka 1993 nilikuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari huko Sumbawanga. Kwa kuwa nilikuwa nimecheza kidogo mpira wa kikapu katika chuo cha ualimu, nilikabidhiwa timu ya shule. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo, na mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, na vyuma vya duara tulichomelewa na fundi wa mjini. Nyavu hatukuwa nazo. Mpira ulikuwa mmoja, na ukitoboka mazoezi yaliahirishwa mpaka uzibwe.

Chuoni mimi nilikuwa mchezaji wa nyuma, yule anayepandisha mpira huku akiudunda. Kwa hiyo niliamini kwamba mchezo huu ni wa wafupi wenye mbio na ujanja. Warefu kwangu walikuwa kama miti shambani: inafaa kwa kivuli, lakini jembe lazima liizunguke.

Mwaka huo akaja kijana wa kidato cha tatu kutoka Kasanga. Alishuka kwenye lori la mizigo akiwa na begi la nguo na furushi la migebuka mikavu, akitetemeka kwa baridi ya mwezi wa saba ambayo watu wa ziwani hawaizoei. Kuingia darasani alilazimika kuinama mlangoni. Wenzake walimpa jina siku ile ile: Mlingoti. Nami nitamwita hivyo, kwa ruhusa yake.

Nilifurahi kumpata. Kazi niliyompa ilikuwa moja tu: asimame chini ya kikapu chetu, ainue mikono, azuie mipira ya wapinzani na kuidaka ile inayogonga chuma na kurudi. Aliifanya vizuri. Lakini tulipokuwa tukishambulia nilimwambia akae pembeni asituzibie njia. Sikumfundisha kugeuka. Sikumfundisha kutumia mkono wa kushoto. Katika mazoezi ya kufunga yeye ndiye aliyewaokotea wenzake mipira.

Tulifika mechi ya mwisho ya mashindano ya shule za sekondari. Zikabaki sekunde chache, nasi tuko nyuma kwa pointi moja. Kijana wetu wa kupandisha mpira alifika katikati akazingirwa. Nikamwona Mlingoti ameondoka pembeni nilikomweka. Ameingia ndani, karibu kabisa na kikapu, amempa mgongo mlinzi wake, magoti amekunja, mkono mmoja ameunyosha mbele, kiganja wazi. Alikuwa anaomba mpira. Hakuna aliyemfundisha kusimama vile. Nami nikapiga kelele kutoka kando ya uwanja, watu wote wakisikia: “Usimpe! Piga mwenyewe!”

Kijana akatupa kutoka mbali. Mpira ukagonga chuma ukatoka, na filimbi ikalia.

Laiti ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira hasara. Mlingoti alipopita mbele yangu nilimwambia, mbele ya wenzake, kwamba urefu bila akili ni mti tu. Hakujibu. Juma lililofuata alileta jezi ofisini, imefuliwa na kukunjwa vizuri, akaiweka juu ya meza, akaniamkia na kuondoka. Hakucheza tena. Alimaliza kidato cha nne akarudi kwao.

Sasa nieleze kidogo kwa ajili ya msomaji asiyeujua mchezo huu. Chuma cha kikapu kiko mita 3.05 kutoka ardhini. Chini yake kuna eneo la mstatili, na mshambuliaji haruhusiwi kukaa ndani yake zaidi ya sekunde tatu. Pembeni mwa eneo hilo, kwa chini, hatua moja au mbili kutoka kikapuni, ndipo mahali wachezaji wanapopaita posti ya chini. Mchezaji akipokea mpira pale, mgongo wake ukiwa kwa mlinzi, hahitaji nguvu ya kutupa mbali. Anahitaji miguu, subira na kiganja chepesi.

Lakini faida yake haiishii kwenye pointi anazofunga mwenyewe. Kama mlinzi mmoja hamwezi, wa pili lazima aje kusaidia. Timu ina watu watano kwa watano. Wawili wakimwendea mmoja, wanabaki walinzi watatu kwa washambuliaji wanne. Maana yake kuna mtu ameachwa peke yake mahali fulani, na mwenye kumwona kwa urahisi ni yule aliye chini ya kikapu na mpira mkononi. Hesabu yenyewe ni hiyo, ya darasa la pili. Mimi niliyelipwa mshahara kwa kufundisha hesabu sikuiona.

Aliyenifungua macho ni Mtanzania mwenzetu. Mwaka 2009 magazeti yaliyotufikia Sumbawanga yalijaa jina la Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliyekuwa akicheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Mwezi wa sita mwaka huo alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA, akaenda Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuichezea ligi hiyo. Nchi nzima ilijivuna, nami nikiwemo. Lakini kila nilipotazama picha yake gazetini, niliyemwona ni Mlingoti.

Nikaanza kufuatilia habari za mchezo wa vyuo vya Marekani, kwanza katika magazeti, baadaye kwa msaada wa mpwa wangu aliyesoma Dar es Salaam, ambaye akija likizo hunionyesha mechi za zamani kwenye simu yake. Nilijifunza kwamba Thabeet alianza mchezo huu akiwa na miaka kama kumi na mitano hivi, umri ambao wengine wameshautumikia nusu ya maisha yao. Katika mwaka wake wa kwanza chuoni alifunga wastani wa pointi 6.2 kwa mechi, mwaka wa pili 10.5, na mwaka wa tatu, wa 2008 hadi 2009, akafikia 13.6. Soma tarakimu hizo kama mwalimu anavyosoma ripoti ya mwanafunzi. Kimo chake hakikuongezeka mara mbili katika miaka mitatu, ila pointi zake ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kilichokua ni mafunzo, na imani ya wenzake kumpa mpira.

Mpwa wangu alinionyesha pia mechi ya tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Connecticut ilikuwa ya kwanza katika orodha ya vyuo vyote, ikacheza na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kwa Pittsburgh alikuwepo DeJuan Blair, kijana mnene wa mita 2.01, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20. Mapema katika mchezo walinasana mikono wakigombea mpira, na Blair, aliyekuwa ameinama chini, akambeba Thabeet mgongoni akamwangusha mbele kama gunia. Hadi mechi inakwisha Blair alikuwa na pointi 22 na mipira ya kurudi 23, Thabeet pointi 5 tu, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68.

Nisieleweke kwamba ninamdharau kijana wetu. Mwisho wa msimu ule yeye na Blair walitangazwa pamoja kuwa wachezaji bora wa ligi yao ya vyuo, na Connecticut ikafika kwenye nne bora za nchi nzima. Ninachosema ni kwamba chini ya kikapu mtu hashindi kwa kichwa kuwa juu, bali kwa kiuno kuwa chini. Mwenye magoti yaliyokunjwa humsukuma aliyesimama wima, hata akizidiwa urefu. Na jambo hilo hakuna anayezaliwa nalo. Lazima afundishwe, au akutane nalo maishani.

Waliofundishwa wapo. George Mikan alipofika Chuo Kikuu cha DePaul, mjini Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuwa kijana wa mita 2.08, mwenye miwani na miguu mizito. Kocha wake, Ray Meyer, hakumwambia asimame tu kama nguzo. Alimrusha kamba, akampeleka kujifunza hata kucheza dansi, akamfanyisha kazi ya kutupa mpira kwa mkono wa kulia upande wa kulia, kisha kwa wa kushoto upande wa kushoto, tena na tena. Zoezi hilo linaitwa kwa jina la Mikan mpaka leo. Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, alipoanza kutamba katika chuo cha UCLA, wakuu wa michezo ya vyuo walipiga marufuku kuudumbukiza mpira kutoka juu ya chuma, kuanzia 1967 hadi 1976. Yeye akaendelea kufunga kwa mtupo wake wa ndoano, mkono ukizunguka juu ya kichwa, na chuo chake kikawa bingwa mwaka 1967, 1968 na 1969. Waliomnyima urefu wake walikuta amebaki na ufundi.

Na kutoka kwetu Afrika, Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliwahi kudaka mipira ya mikono huko Lagos kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Houston, ambacho alikifikisha kwenye fainali mwaka 1983 na 1984. Miguu yake ilikuwa imeshajifunza kugeuka kabla mikono yake haijaujua mpira wa kikapu.

Mpwa wangu, kama vijana wote, hukubali nusu na nusu akabisha. “Mjomba,” aliniambia, “hayo ya zamani. Siku hizi watu wanafunga kutoka mbali.” Ana haki. Tangu mwaka 1986, vyuo vya Marekani vilipokubali mstari wa pointi tatu, hesabu ilianza kubadilika, kwa sababu tatu ni zaidi ya mbili. Makocha wengi waliwatoa warefu wao nje wakawafundisha kutupa kutoka huko.

Ndipo ikaja fainali ya tarehe 8 Aprili 2024, ambayo tulitazama marudio yake pamoja, tukikaribiana vichwa kwenye simu. Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa na Zach Edey, Mkanada wa mita 2.24, aliyetajwa mchezaji bora wa vyuo kwa miaka miwili mfululizo kwa kazi ya chini ya kikapu. Wapinzani wao walikuwa Connecticut, chuo kile kile cha Thabeet. Edey alifunga pointi 37. Hata hivyo Purdue ilishindwa, 75 kwa 60.

Mpwa wangu akacheka: “Umeona? Mrefu amefunga, wameshindwa.” Nikamwambia atazame tena walinzi wa Connecticut walikuwa wapi. Walimwachia Edey mlinzi mmoja, wakakubali awafunge mbili mbili, lakini hawakuwaacha wenzake. Purdue nzima ilipata kikapu kimoja tu cha pointi tatu usiku kucha. Connecticut ilijua hesabu ile: hatari ya mtu wa ndani ni watu anaowafungulia njia. Kwa hiyo walikataa kuja wawili. Yaani hata waliomshinda, walimshinda kwa kuiheshimu kazi yake.

Mpwa wangu akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nikiwaza ule mkono ulionyoshwa, kiganja wazi, mwaka 1993.

Lazima sasa niseme jambo la aibu. Mlingoti hakuwa amepotea. Alikuwa hapa hapa Kasanga, nami nilijua tangu siku tuliyohamia. Yeye ni kiongozi wa makuli bandarini, mtu anayeheshimika, mwenye wake na watoto. Tulipokutana njiani aliniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” nami nikaitika, “Marahaba, hujambo?” nikapita haraka kama mwenye safari. Mzee mzima nilikuwa nikimkwepa mwanafunzi wangu. Mara nyingine nilizunguka kwa njia ya juu nisipite gatini.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda gatini. Walikuwa wakipakia saruji inayovushwa kwenda Kongo. Nikakaa kwenye jiwe kumtazama akiwafundisha vijana wawili wapya. Mmoja alikuwa na mwili mkubwa, akainama kwa kiuno kuunyanyua mfuko wa kilo hamsini, akayumba. Mlingoti akamwambia auweke chini. “Usiinamie mzigo,” alisema. “Shuka nao. Kaa kama unakaa kwenye kigoda, halafu simama.” Akaonyesha mwenyewe: miguu ikapanuka, magoti yakakunjwa, mgongo ukanyooka, na mtu yule mrefu akawa mfupi kama mimi. Kisha akainuka na mfuko begani bila kutoa hata mguno.

Lilikuwa ni lile lile umbo alilosimama nalo uwanjani. Nikaelewa kwamba siku ile hakuwa amekosea njia. Alikuwa amekuja na ujuzi wa kwao, wa gatini na wa mitumbwi, akautumia mahali ulipotakiwa. Mwenye kukosa akili nilikuwa mimi.

Walipopumzika nilimwita. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoka. Nikasema tu, “Mwanangu, mwaka ule nilikunyima mpira, na nikakutukana. Naomba unisamehe.”

Alikaa kimya kidogo, akijipangusa saruji mikononi. Kisha akacheka, lakini macho yake hayakucheka. “Mwalimu,” akasema, “mimi sikuomba nifunge. Yule mlinzi wa kushoto alikuwa ameshaniona, anakuja kwangu. Mwenzetu wa kushoto alikuwa peke yake. Niliomba mpira nimpe yeye.”

Msomaji wangu, nilihukumu miaka yote ile kwamba nimemnyima kijana nafasi ya kufunga, na hata katika majuto yangu nilikuwa bado sijamjua. Alikuwa ameiona hesabu yote, ya watano kwa watano, akiwa na miaka kumi na saba, mgongo wake ukiwa umekielekea kikapu. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikitazama uwanja mzima sikuona kitu.

Nilimwuliza kama amenisamehe. Alisema mambo ya shule yalikuwa ya shule. Kisha akaongeza kwamba neno lile la mti alilikumbuka kila alipokosea kitu, mpaka alipopata mtoto wake wa kwanza. Nililipokea jibu hilo kama lilivyo. Msamaha si kifutio cha ubaoni.

Siku hizi jioni, kazi ikiisha, tunakutana kwenye uwanja wa watoto. Fundi ametuchomelea chuma kimoja, nguzo ni ya mti, mistari tunaichora kwa majivu, kama zamani. Wanakuja wavulana na wasichana, warefu na wafupi. Mlingoti ndiye mwalimu, mimi ni wa kuhesabu pointi. Ana sheria moja: hakuna anayeruhusiwa kutupa kabla mpira haujaingia ndani kwanza, mikononi mwa aliye chini ya kikapu. Na kila mtoto, hata aliye mdogo kuliko wote, lazima akae zamu yake pale ndani. Wa ndani akifunga, sawa. Akiutoa kwa mwenzake aliyeachwa, anapigiwa makofi zaidi.

Juzi mtoto mmoja hakuja, wakawa pungufu. Mlingoti akanitazama. “Mwalimu, ingia ndani.” Nikamwambia magoti yangu ni ya zamani. Akasema, “Kunja kiasi unachoweza.” Nikaingia, nikampa mgongo binti wa darasa la sita, nikakunja kiasi nilichoweza, nikanyosha mkono, kiganja wazi.

Nilikaa hivyo kwa sekunde tatu nadhani, na sijapata kuona sekunde ndefu namna ile. Mtu anayeomba mpira hana kingine cha kufanya ila kungoja imani ya wenzake. Kisha nikasikia sauti yake nyuma ya watoto, ile ile ambayo mimi ningepaswa kuitoa mwaka 1993:

“Mpe! Mpe Mwalimu!”